Dume Letu Kwenye Maonyesho ya Nyakahura

Kijiji cha Bisibo,
Biharamulo,
19 Julai 1979.

Kaka yangu Shibuda,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata dada Koleta ninayelala naye kitanda kimoja. Jumatatu nitasimamishwa mahakamani, na mtu atafungwa au ataachiwa kwa maneno yangu. Lakini nikianza na hilo kalamu itanikwama, kwa hiyo pokea kwanza shikamoo yangu. Je, huko Uganda u mzima? Redio inasema vita vimekwisha, ila Mama anasema vitakwisha siku atakapokuona unainama kuingia mlangoni. Sisi hatujambo. Mihogo imekubali.

Mwaka huu nilijitolea kwenye maonyesho ya ng'ombe ya Saba Saba pale Nyakahura. Mwalimu alitaka wanafunzi wa kushika kamba, nami nikanyoosha mkono kwa sababu ng'ombe hawamuulizi mtu maswali. Unanijua. Nilipewa madume mawili, letu na la Bizimana, Mhangaza aliyetoka nalo Ngara kwa miguu. Watu wetu walimtania kwamba kwao wanafuga pembe, nyama wanaomba kwa jirani. Akawajibu kwamba Wasukuma wananenepesha ng'ombe ili watu wasitazame tumbo la mwenye ng'ombe. Hata Baba alicheka.

Asubuhi hiyo dume moja la Nyakanazi lilikata kamba, likampasua mwenzake ubavu mpaka matumbo yakaburuzika vumbini. Alichinjwa palepale, watoto wakishangilia damu. Nilidhani hilo ndilo baya nitakalokusimulia.

Mabwana mifugo walipomaliza kupima, utepe mwekundu walilifunga dume la Bizimana. Letu, lililoshinda kila mwaka tangu tuhamie huku, likawa la pili. Mzee Ndassa akamuuliza Baba, mbele ya wakwe, kama utepe wa pili unafungwa shingoni au mkiani.

Baada ya chakula ukapigwa mwano. Wewe unajua, kaka, sisi tukisikia yowe lile hakuna anayeuliza. Anayetembea wenzake wakikimbia anatozwa faini. Walisema dume la Nshoma, yaani letu, limeibwa. Tukakimbilia mtoni. Bizimana alikuwa huko, na dume letu. Naye alikuwa amelisikia yowe. Alilifunga kwenye mti, akaokota fimbo, akatukimbilia akiuliza mwizi amepita wapi.

Pigo la kwanza lilimvunja mkono wenye fimbo. Alipoanguka walimfunika kama siafu. Nilisikia mbavu zake zikivunjika kama kuni kavu chini ya mguu. Rungu lilimtoa jicho la kushoto. Aliwaita kwa majina wale aliokula nao asubuhi, na Kiswahili kilipomwishia akaendelea kwa Kihangaza, wakazidi kumpiga. Mmoja alikuwa ameshauweka mkono wa Bizimana juu ya jiwe, panga liko juu, polisi walipofika. Walimchukua yeye, si waliompiga.

Sasa yuko mahabusu, anashitakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Shahidi ni mimi. Baba amenifundisha niseme kwamba nilikwenda kuchota maji, niliporudi nikakuta dume letu halipo. Amenifundisha kwa upole, huku ananimenyea muwa, kisha akasema mtoto wa kike anayempeleka baba yake jela asirudi kwake hata kwa mazishi.

Sikwenda kuchota maji, kaka. Nilikuwa nimekaa kati ya madume yote mawili. Baba mwenyewe ndiye aliyefungua kamba yetu akamtia Bizimana mkononi, akamwomba amsaidie kulinywesha, eti mguu unamuuma. Bizimana akamwitikia, ndiyo mzee, akaniachia mimi dume lake lenye utepe. Mwizi gani anaacha dume la kwanza akaenda na la pili? Bizimana alipoingia kichakani, Baba akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano. Aliniona ninavyomtazama.

Mama na Koleta wanakusalimu sana. Mungu akurudishe na viungo vyako vyote.

Barua hii nimeianza mara nyingi, nikisikia hatua naisukuma chini ya godoro. Baba amemaliza kisomo cha watu wazima. Siku hizi kila karatasi anayoikuta anaisoma, kidole chini ya neno. Namsikia sasa, anakung'uta makubazi mlangoni. Safari hii naiacha juu ya meza.

Ikikufikia, ujue aliisoma kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kwandu Nshoma