Mama Albano, Aliyelala Mferejini

Mwaka umezunguka, Mama Albano, tangu alfajiri ile ya Februari ulipotuacha, masika yakiwa bado hayajaamua kuja. Watoto wamenituma nikuandikie gazetini kwa niaba ya nyumba nzima, maana wanasema baba yao ndiye mwenye maneno. Nimechoka kidogo, lakini maneno hayajaniishia.

Ulikuwa mtu wa kuamka mapema. Wajukuu nimewaambia kwamba majogoo wa Temeke walikuwa wakija dirishani kukuuliza kama wawike au wangoje kwanza. Ukikaanga vitumbua, cha kwanza kilikuwa cha mgonjwa yeyote wa jirani. Siku isiyo na mgonjwa, nilijilaza mimi.

Hatujasahau tulivyoukuta mtaa huu wa bondeni tulipotoka Tabora, nilipoletwa huku na kazi ya reli. Masika palikuwa ziwa. Kuta za udongo zililainika, na mbu wake, mie nilimwona mmoja kamchukua kuku. Genge hakuna; hata nyanya mbili mpaka Kariakoo kwa miguu. Akaja Bwana Afya, akatazama, akasema maji yakijaa tena nyumba zitavunjwa na sie tutahamishwa. Wenye nyumba wakakaa barazani, wakakubaliana kwamba serikali ichimbe mfereji. Nadhani serikali nayo ilikuwa imekubaliana kwamba tuchimbe sisi.

Wewe ulichukua jembe. Ukachimba toka mlangoni petu hadi kwa jirani yetu Auleria, naye akatoka akachimba pamoja nawe. Mbele ya hapo zilianza nyumba za Wazaramo, na wenyewe walikuwa wamekaa kutazama, wakisema wanawake wa Kinyamwezi wanatafuta viazi.

Ndipo ukafanya jambo lililonifanya nitamani kujificha. Kila mtu hapa anajua kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara. Siku ya mazishi mtani huweza kushuka kaburini akalala, asitoke mpaka apewe anachodai, na kumnyima ni aibu ya ukoo mzima. Basi wewe ulilala chali ndani ya mfereji, khanga umejifunika hadi kidevuni, ukafumba macho. Mzee Pazi, mkubwa wa Wazaramo wa mtaani, akaja akasimama juu yako.

“Mtani, toka humo. Unalala kaburini, na maiti yuko wapi?”

“Maiti ni huu mtaa wenu, Pazi. Nangoja wazikaji.”

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Pazi akageuka akaenda kwake, tukajua amekasirika. Akarudi na jembe, wanawe nyuma yake. Masika yalipofika, mfereji ulikuwa umekwisha kufika kijitoni, mwisho wa bonde. Mie husimulia pia kwamba Bwana Afya alipita saa ile, akavua kofia, akauliza marehemu aliugua nini. Binti yetu Demetria anataka hilo lisiandikwe, nami nimemkubalia.

Bonde likakauka. Palipokuwa pa vyura pakasimama genge, banda la makuti, watu wamelijenga wenyewe: wewe na vitumbua, Auleria na mihogo, Tunu mke wa Pazi na samaki wa kukaanga. Bwana Afya alirudi, akala kitumbua, habari ya kuvunja asiitaje tena. Watu wakikusifu ulikuwa ukiwaambia, “Mie nililala tu. Waliochimba ndio hao.”

Siku tuliyokuzika, Pazi alishuka kaburini mwako akalala. Tulidhani atataka senti kama ilivyo ada. Akasema senti hazitaki. Anataka kujua nani atauzibua mfereji sasa. Nikajibu kwamba ni mimi.

“Wewe, Baba Albano? Wewe utausimulia tu.”

Akanipa mkono, nikamvuta akatoka.

Alisema kweli. Mwaka mzima nimeusimulia. Na wengine nao hupita wakautazama, wakasema “mfereji wa Mama Albano,” kama kwamba wewe mwenyewe utarudi kuuzibua. Umejaa makumbi ya nazi na mchanga. Juzijuzi ilipiga mvua ya mchana mmoja tu, maji yakaingia gengeni, Tunu akaondoka na samaki wake kichwani. Bwana Afya alipita kesho yake. Hakula kitu, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Basi nilichukua jembe lako, lile ambalo mpini wake umelika mahali pa kiganja chako. Nikazibua mpaka karibu na kwa Auleria. Hapo mgongo ukakataa, Mama Albano. Nikajilaza mle mle mferejini, nikafumba macho, nikangoja maumivu yapite. Reli nimeitumikia hadi uzee, lakini uchovu ule ulikuwa mgeni kwangu. Nilitamani unikute humo uniambie niinuke.

Nikasikia makubadhi ya Pazi juu yangu.

“Haya, mtani,” akasema. “Nimekusikia. Toka.”

Nami sikuwa nimetamka neno. Nilipofumbua macho alikuwa anabisha mlango kwa mlango, akiwaambia wenziwe kwamba Mnyamwezi amelala tena, na wakimwacha humo aibu ni yao. Tangu hapo wanachimba. Sijamwambia kwamba ulikuwa mgongo. Pazi husoma herufi za Kiarabu tu. Nawe ndugu unayesoma hapa, usimsomee mpaka wafike kijitoni.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili, na baada yake mwenye jembe aje nalo.

Wanaokukumbuka ni mumeo Polikarpo. Wanao Albano na Demetria. Wajukuu wako wote. Dada yako Adelina aliyeko Tabora. Shoga yako Auleria. Na watani wako Pazi na Tunu, walioomba waandikwe mwisho kabisa ili wasije wakadhaniwa ni ndugu.

Pumzika, Mama Albano. Masika yakija, maji yatapita mbele ya mlango wetu yakienda zake, nasi tutakutaja, siku zote tutakazojaliwa kuyasikia.