Pesa za Ukumbi wa Kabazi

Kabazi,
Jumapili jioni.

Kwako dada Rahab,

Habari za Naivasha? Kikohozi cha watoto kimeisha? Huku sisi ni wazima. Mahindi yametoa ndevu, mama anakusalimia sana, na goti la baba limetulia tangu mvua ipungue. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho.

Alhamisi tulikuwa na mkutano wa bajeti ya kaunti pale uwanja wa shule. Pendekezo lilikuwa pesa za wadi yetu zigawanywe: barabara iwekwe changarawe ya maramu, na ile stoo ya zamani ya pareto igeuzwe ukumbi wa maigizo. Mimi nilisimama nikapinga. Nilisema maziwa yetu huharibikia njiani kila mvua ikinyesha, sasa serikali itujengee mahali pa kuchezea? Nilipigiwa makofi, nikakaa nikijiona mkubwa.

Hapo akasimama Cheptanui, binti ya jirani yetu Mzee Kimutai, yule anayefundisha vijana kuigiza. Hakukasirika. Aliomba tu kwamba badala ya yeye kuongea, vijana wake waonyeshe kitu kidogo.

Dada, sijui nikuelezeje. Ilikuwa hadithi ya wanawake wawili majirani, Mkikuyu na Mkalenjin, baada ya vurugu za uchaguzi. Mmoja anarudi shambani alikotoroka, anakuta kahawa yake imepogolewa vizuri. Ni jirani aliyeitunza, lakini anaona haya kutoka nje, kwa kuwa siku ile alisikia kelele na hakufungua mlango. Kila mmoja anangoja mwenzake asalimie kwanza. Cheptanui alikuwa amewageuza waigizaji: Mkikuyu aliigiza Mkalenjin, na Mkalenjin akaigiza Mkikuyu, kila mmoja kwa lugha ya mwenzake. Watu walianza kwa kucheka matamshi. Baadaye hakuna aliyecheka. Mama Zeddy wa kioski alijifunika uso kwa leso.

Unajua baba na Mzee Kimutai hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka ule wa vurugu. Baba aliinuka, nikadhani ananiunga mkono. Alisema anataka barabara kama mtu mwingine yeyote.

“Lakini iliyoko inapita mbele ya lango la Kimutai,” akasema, “na miaka yote hii haijanifikisha ndani.”

Kisha akatembea polepole hadi alipokaa Kimutai, akampa mkono. Mzee akaupokea, akasogea kwenye benchi, baba akakaa.

Ukumbi ulipita, na barabara itatengenezwa nusu. Bado nasema hiyo maramu ilifaa kufika kwetu. Lakini alichofanya Cheptanui siku ile, tingatinga haliwezi.

Sasa kaa chini. Huyo Cheptanui ndiye ninayempenda, na si tangu jana wala juzi. Tumekuwa tukikutania Nakuru mjini ili wazee wetu wasijue. Hata kabla ya mkutano nilimwambia nitapinga ukumbi wake. Alicheka, akaniambia nipinge vizuri, asije akashinda bure.

Jana nilimweleza baba. Akaniuliza kama Mzee Kimutai hunywa chai ya maziwa au ya rangi, maana yeye amesahau.

Tutaenda kwao kuposa mwezi ujao. Omba ruhusa kazini, kwa sababu baba amesema hatoki nyumbani bila wewe. Msalimie shemeji Maina na watoto, na Mungu awalinde wote.

Ni mimi mdogo wako,
Kihara