Kanzu Iliyogeuzwa Siku ya Posa

Al Hail, Jumapili, 5 Oktoba 2025

Shangazi Nasriya,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na dawa unakunywa. Sisi huku wazima, na mama anakusalimu.

Uliniagiza nikuandikie kila wiki ili nisisahau Kiswahili, basi leo nakueleza filamu tulizotazama katika chama chetu chuoni. Ya kwanza ni ya magari: yanapaa, yanalipuka, na dereva hachafuki hata shati. Ya pili ni ya mapenzi. Watu wawili wanatazamana mvuani saa nzima, wala hakuna mwenye akili ya kufungua mwavuli.

Ya tatu ndiyo mbovu kuliko zote, nayo ni ya mwenzetu Khulood. Inaonyesha msiba wa watu wetu wa Unguja hapa Maskati. Siku ya tatu, dada wa marehemu anasimulia jinsi nduguye alivyokwenda kuposa kavaa kanzu ndani nje, kishada cha shingoni kinamtekenya kifua, na wazee wote wakanyamaza kwa heshima. Wanawake wanacheka. Nani kwetu hucheka msibani? Mimi nimekaa msibani: watu hunyamaza, hunywa kahawa, huondoka. Na mwanamume mjinga kiasi hicho hajazaliwa. Alhamisi tunapiga kura kipande hicho kikatwe kabla filamu haijapelekwa mashindanoni. Hoja nimeitoa mimi.

Mwanao,
Wael

Darsait, Jumatatu, 6 Oktoba

Mwanangu Wael,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Barua yako nimeisoma mara mbili, heshima ambayo haikustahili. Magari na mwavuli sina neno nayo. Upuuzi huo mmejichagulia wenyewe.

Lakini msibani ulikaa wapi? Ulikuwa na miaka tisa, ukakaa sabla, ukumbi wa wanaume, ukapewa kikombe ushike. Upande wa wanawake hujapata kuingia. Siku ya tatu, baada ya kusoma Qur'ani, tulimzungumza marehemu, tukacheka mpaka jirani yangu Balqees akatoka nje kushika mbavu. Mama yako naye alicheka. Tangu kufiwa alikuwa hajala wala kusema.

Khulood alikuja kwangu mwezi wa nne kuuliza tunavyoomboleza, nikamweleza. Jina amelificha kwa ombi langu. Aliyekwenda kuposa na kanzu ile ni kaka yangu Saeed, baba yako, na aliyeposwa ni mama yako.

Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mtoto aliyejibu swali asilolisoma nilimpa sifuri. Kura ni Alhamisi. Unajua la kufanya.

Shangazi yako

Darsait, Jumatano, 15 Oktoba

Wael,

Alhamisi imepita. Hujaandika.

Shangazi yako

Al Hail, Ijumaa, 17 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima. Mimi nilikuwa naona haya kuandika.

Nilisimama nikasema naiondoa hoja. Jaifar, mwenyekiti wetu, akajibu kwamba hoja ikishaandikwa ni ya chama, kisha akasoma sababu zangu mwenyewe mbele yangu. Zilisikika vizuri sana. Kura saba kwa nne. Kipande kimekatwa.

Nilimwomba Khulood nakala nzima. Akanipa. Nimeitazama na mama. Anasema siku ile alichungulia mlangoni, akaiona mishono ya kanzu iko nje, na hapo hapo akakubali kuolewa. Miaka yote hii hakunambia, nami sikumuuliza.

Mimi, ya msiba ule, nakumbuka kikombe tu. Naomba uniandikie mengine ya baba.

Mwanao,
Wael

Darsait, Jumamosi, 18 Oktoba

Mwanangu Wael,

Marahaba. Kukiri baada ya kuharibu si ushujaa, ni adabu ya kawaida. Watu wa mashindano hawatamwona Saeed, na hilo umelifanya wewe.

Baba yako alikuwa akiogopa kuku. Simsemi jogoo mkali, kuku yeyote. Tayari akiwa afisa wizarani, ana karani na dereva, asubuhi moja alinipigia simu kutoka uani kwenu nije nimfukuzie kuku wa jirani aliyesimama baina yake na gari. Nikatoka Darsait mpaka Al Hail na ufagio wangu. Nilipofika, dereva alikuwa amejifungia garini, vioo vyote juu, kwa sababu naye alikuwa akiogopa.

Msomee mama yako. Habari ya dereva haijui.

Shangazi yako