Madumu Matatu ya Lori la Marehemu

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kuhusu: moto uliounguza chumba cha nyuma, Alhamisi tarehe 14 mwezi wa tisa
Jina: kama lilivyo katika maelezo ya kwanza, kazini na mtaani hujulikana kama Fundi Meno
Jinsia: mwanamke
Umri: miaka 59
Kazi: fundi wa meno bandia, mstaafu
Makazi: nyumba ya pili baada ya posta, ghorofa ya chini, mlango wa kushoto
Yamechukuliwa: Ijumaa tarehe 15, kuanzia saa 4:10 asubuhi, chumba namba 3, na koplo wa zamu

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Koplo amenionya kwamba uongo wowote nitakaousema hapa utanirudia mwenyewe, nami nimemjibu kwamba ndicho kilichonileta. Jana nilitoa maelezo ya nusu ukurasa. Kila nilichosema kilikuwa kweli, lakini hayakutosha, na kwa kutotosha huko shemeji yangu amelala mahabusu akidaiwa kuchoma nyumba kwa makusudi. Nimekuja kuyakamilisha.

Shemeji ninayemtaja ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni fundi magari mstaafu wa jeshi, na tangu ujana wake wanamwita Spana. Mume wangu alikuwa dereva wa lori katika kikosi hichohicho kwa miaka kumi na tisa, lori lilelile. Alifariki kwa maradhi ya figo, miaka miwili sasa. Baada ya arobaini, Spana alikuja nyumbani na sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki na picha moja ya mume wangu akiwa amesimama kando ya lori. Akasema, "Shemeji, tulitengeneze lori lake." Nilidhani amechanganyikiwa kwa msiba. Nikamkaribisha chai.

Tangu siku hiyo tumefanya kazi pamoja katika chumba cha nyuma, Jumanne na Alhamisi. Lori zima lina urefu wa shubiri moja. Kila sentimita moja ya mfano ni sentimita thelathini na tano za lori lenyewe. Spana alitengeneza chasi, injini, bodi na magurudumu. Mimi nilitengeneza vile ambavyo lori hubeba: turubai, koleo, ndoo, waya wa kuvutia gari lililokwama, madumu ya mafuta. Koplo ameuliza kwa nini hatukununua. Vya kununua vipo, lakini vinafanana vyote, na lori la mume wangu halikufanana na lingine. Ndoo yake ilikuwa na mkono wa waya wa umeme kwa sababu mkono wa mwanzo ulikatika. Hiyo ndoo huipati dukani. Niliitengeneza kwa bati laini la tyubu ya dawa ya meno. Turubai nililikunja kwa karatasi laini iliyolowekwa katika gundi ya maji. Dumu moja lina vipande kumi na vitatu, na kimo chake ni milimita kumi na tatu. Mkono wangu hautetemeki. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndio mkono ulionilisha kwa miaka thelathini na mmoja.

Mnamo tarehe 14, saa nne kamili asubuhi, Spana alifika kama kawaida. Lori lilikuwa limebakiza antena tu. Jumamosi lilikuwa liende kwenye maonyesho katika ukumbi wa maktaba, na hilo lilitutia sote wawili kiwewe. Kama saa tano na nusu hivi, Spana aliinua lori, akaligeuza ubavu wa kushoto, akaanza yake.

"Shemeji, hapa dumu moja limepungua."

"Picha inaonyesha mawili," nikasema.

"Picha imekatwa pembeni. Yalikuwa matatu. Mimi ndiye niliyekuwa nayajaza kila asubuhi."

"Ulikuwa unajaza ya magari arobaini. Utakumbukaje la kaka yako?"

"Nitasahauje la kaka yangu?"

Hapo ningenyamaza, yangeishia hapo. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia kwamba yeye maisha yake yote alikuwa chini ya magari akitazama oili ikidondoka, na aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mume wangu, na aliyekuwa anamsikiliza mume wangu akisimulia jioni nilikuwa mimi. Nilisema pia kwamba tangu mazishi amekuwa akijifanya ndiye mfiwa mkuu. Maneno hayo nayataja kwa sababu nataka yaandikwe. Jana sikuyasema.

Spana aliliweka lori mezani taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akasema kwa sauti, "Basi bora liungue, sote tupumzike." Akanipa kisogo, akatoka kwa mlango wa uani. Mwenye nyumba, ambaye masikio yake hayajawahi kuchukua likizo, alikuwa anafagia chini ya dirisha. Aliyasikia hayo ya mwisho, na ndiyo aliyowaambia askari. Hakudanganya. Yalisemwa.

Nilikaa hapo nikiwa na hasira za mkizi. Sikula. Saa nane na dakika kumi mchana niliona bora nimalize antena peke yangu, ili akija Jumamosi aikute imekamilika na akose la kusema.

Naomba niruhusiwe kueleza antena inavyotengenezwa, maana jambo lote liko hapo. Unachukua kijiti cha plastiki, vile vinavyobaki kwenye fremu za seti za mifano za kununua. Unakishika ncha mbili juu ya moto wa mshumaa, bila kukigusisha, unakizungusha mpaka katikati kilainike na kung'aa. Kisha unakitoa motoni na kukivuta kwa mikono miwili, kwa mwendo mmoja. Kinatoka uzi mwembamba kama unywele. Uzi huo kwa muda bado ni laini, na ukiuweka mezani unapinda. Lazima uutundike uning'inie mpaka upoe, mahali pasipo na upepo. Ukipoa umenyooka, unakata sentimita saba, unayo antena.

Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili ulikuwa mnene, ungefaa kuwa mlingoti wa bendera. Wa tatu ulipinda kwa sababu niliutundika hapohapo dirishani, na dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya harufu ya gundi. Wa nne ulitoka sentimita sitini, mwembamba sawasawa mwanzo hadi mwisho. Katika miaka miwili sijawahi kuvuta uzi kama ule. Nilisimama nao nikiwa nimeshika ncha zote mbili, hata kupumua nikaacha. Sehemu pekee isiyo na upepo ni nyuma ya mlango wa jikoni, ambako kuna msumari wa kalenda. Nikatoka chumbani kinyumenyume, mlango nikiusukuma kwa mgongo, nikapita ukumbini, nikafika jikoni, nikautundika kwa kibanio cha nguo. Saa ya ukutani jikoni ilisoma saa nane na dakika thelathini na tano.

Mshumaa sikuuzima. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye uzi, na kama ningeupuliza ningeupinda uzi kwa pumzi. Nilijiambia nitarudi kuuzima sasa hivi.

Nikiwa bado jikoni simu iliita. Alikuwa mkutubi, anataka maneno ya kuandika kwenye kadi itakayowekwa mbele ya lori. Nikamtajia jina la marehemu, kazi yake, miaka yake. Akauliza, "Na aliyelitengeneza ni nani?" Kwa hasira niliyokuwa nayo, nikataja jina langu peke yangu. Tukabishana pia kuhusu ukubwa wa kadi. Mazungumzo yalichukua kama dakika kumi na mbili. Nilipokata simu nilisikia harufu ya karatasi inayoungua, kisha harufu ya tina ya rangi.

Nilikimbia. Nilipofungua mlango wa chumba cha nyuma, pazia la dirisha lile lililokuwa wazi lilikuwa linawaka na moto umeshashuka mezani, umeshika karatasi za michoro. Moshi ulikuwa mweusi. Spana alikuwa ndani, ameingia kwa mlango wa uani. Sikujua amerudi saa ngapi wala kwa nini. Nilimwona akinyoosha mkono katikati ya moto ule, akachukua kitu mezani, akakitia katika mfuko wa koti lake la kazi, ule mkubwa wa kuwekea vifaa. Nikadhani ameokoa lori. Nikamshukuru moyoni, na nilisahau yote ya asubuhi.

Kisha akavuta blanketi la kitandani, akaanza kuupiga moto. Aliponiona akapiga kelele, "Toka nje, shemeji! Toka!" Nikatoka, nikaita watu. Majirani walileta ndoo. Moto ulizimwa kabla ya saa tisa na nusu. Dari ya chumba imeanguka na stoo ya mwenye nyumba imeungua upande mmoja. Hakuna aliyeumia isipokuwa Spana, mikono.

Askari walipofika, mwenye nyumba alieleza aliyoyasikia. Askari akamuuliza Spana, "Ni wewe?" Spana akajibu, "Andikeni mnavyoona." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mimi nilipoulizwa nilisema sikuwemo chumbani moto ulipoanza. Ni kweli, sikuwemo. Kuhusu mshumaa, nilikuwa nimejiaminisha kwamba niliuzima. Kwa miaka thelathini na mmoja nimefanya kazi na moto mezani na sijawahi kuuacha ukiwaka. Nilijijua hivyo, nikasema hivyo ndani ya kichwa changu, nikalala.

Leo asubuhi saa tatu nilikuja kumletea Spana shati safi. Nikiwa kaunta, nilimwona koplo akiandika orodha ya vitu vilivyokutwa mfukoni mwake. Nilimuuliza kama lori liko salama. Koplo akasema hakuna lori. Akanionyesha kilichokuwepo: kibano, kitambaa, na kisahani cha kikombe chenye nta iliyoyeyuka na kisiki cha mshumaa.

Koplo alinieleza kwamba kisahani hicho ndicho kinachomfunga Spana, kwamba alikitega chini ya pazia baada ya ugomvi, kisha akarudi kuficha ushahidi. Nikamwomba akigeuze niione nta vizuri. Nta ni ya rangi ya ufizi. Mishumaa ya dukani haina rangi hiyo. Ile ni nta ya kutengenezea meno bandia. Nilistaafu na pakiti tatu, na mishumaa ya kuvutia antena huwa naitengeneza mwenyewe kwa mabaki yake. Hapa mjini sijui mtu mwingine mwenye nta ya namna hiyo nyumbani. Kisahani nacho ni changu, kina pengo ukingoni, kikombe chake kilivunjika siku ya msiba. Sikuwa na haja ya kukumbuka tena, niliona.

Kwa hiyo naeleza wazi: mshumaa uliounguza chumba niliuwasha mimi na kuuacha mimi. Spana hakuutega. Aliukuta. Anaifahamu nta ile kama anavyonifahamu, na alipoiona alijua papo hapo ni kosa la nani. Lori lilikuwa pembeni mwa kisahani, umbali wa shubiri. Sikuliona tena baadaye ila donge la plastiki. Alikuwa na muda wa kuchukua kitu kimoja. Aliacha lori la kaka yake, akachukua kisahani changu.

Koplo amenisimamisha hapa. Amenikumbusha kwamba nikiendelea huenda nisibaki kuwa shahidi, na kwamba naweza kutafuta wakili kwanza. Nimeelewa. Nimesema aendelee kuandika.

Uzi wa antena bado unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Askari wanaweza kwenda kuutazama. Umenyooka.

Nimempigia mkutubi saa tatu na nusu nikamwambia kwamba lori haliji. Nikamwambia pia kwamba kadi ilikuwa na kosa, walikuwa mafundi wawili. Akasema haina maana tena kubadilisha. Nikamwomba abadilishe hivyohivyo.

Jambo la mwisho. Koplo ameniambia halihusiani na shauri, lakini nimemsihi aliandike na amekubali. Madumu kwenye ubavu wa kushoto wa lori la mume wangu yalikuwa matatu. Sina picha wala ushahidi mwingine. Namwamini aliyekuwa anayajaza. Naomba shemeji asomewe sehemu hii.

Nimesomewa yote kwa sauti, ni maneno yangu, sijaongezewa wala kupunguziwa. Haya ndiyo maelezo yangu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya ofisa: Yamemalizika saa 5:50 asubuhi. Shahidi alionywa mara mbili na hakushurutishwa. Kisahani kimetambuliwa na shahidi na kurejeshwa kwenye vielelezo. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa upelelezi kwa uamuzi kuhusu mahabusu na kuhusu shahidi mwenyewe. Sehemu ya mwisho imesomwa kwa mahabusu kama ilivyoombwa. Mahabusu aliomba isomwe tena. Karatasi ya saini imebadilishwa mara mbili, kwa kuwa mkono wa shahidi ulitetemeka na saini mbili za kwanza hazikusomeka.