Kabla Askari Hawajafika Mlangoni

Nyakahura, 7 Februari 1999

Dada yangu Nimpaye,

Shikamoo. Mama hajambo? Kifua kimetulia? Sisi wazima, na mimi nimenenepa kwa raha! Dada, ndoa tamu jamani. Felisiani ananichotea maji mchana kweupe. Majirani wanamtania, "Shemeji, umeolewa wewe!" Naye anacheka tu, na ndoo yake kichwani.

Jumamosi alinipeleka banda la video pale Benaco. Filamu ya vita: askari wanavamia kijiji kumkamata mtu mmoja. Watu wanashangilia kama mpirani! Mimi nikamkumbuka marehemu baba, nikaficha uso begani kwa mume wangu. Akawa ananinong'oneza nisishtuke: "Sasa wawili watazunguka nyuma. Sasa mmoja atamwita mwenye nyumba kwa jina." Ikawa hivyo hivyo! Nikamuuliza, "Umeshaiona?" Akasema hajawahi kuingia video maishani. Njia nzima alinitangulia.

Ana akili mume wangu! Hebu niambie, mlimwokota wapi?

Mdogo wako mwenye furaha,
Ineza

Ntobeye, 1 Machi 1999

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama anakohoa kidogo, maharage yametoka vizuri. Video si mahali pa mke wa mtu, usiende tena. Na mume hachimbwi alikotoka. Tunza nyumba yako.

Dada yako

Nyakahura, 19 Machi 1999

Nimpaye,

Mpe mama shikamoo yangu.

Nilimuuliza mwenyewe. Alilia kwanza, kisha akasema. Alikuwa miongoni mwa askari waliokuja kwetu Burundi, mimi nikiwa shule ya bweni, ninyi mmejificha migombani. Yeye ndiye aliyemwita baba kwa jina. Mwingine akampiga risasi.

Ninyi mlijua! Alikuja Ntobeye na mtungi wa pombe ya ndizi, akaungama, mkanywa naye mtungi mmoja kumaliza kisasi, kama desturi yetu. Mimi nikadhani pombe ya posa. Nikapiga vigelegele, dada. Ukanitazama nikipiga.

Mmesamehe hadi fungu langu, kisha mkanivika shela.

Ameniambia pia maneno ya mwisho ya baba. Alitutaja sote. Sasa ninayo mimi, ninyi hamna. Sitawaambia.

Mke wa Felisiani

Ntobeye, 4 Aprili 1999

Ineza wangu,

Hujambo? Unakula?

Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, alitumwa. Amemlimia mama misimu miwili bila kuomba hata chumvi. Tulimpenda kabla yako. Mama alisema, "Akiambiwa atamkataa, na hatapata mwingine mwema hivi." Ndiyo, nilikutazama. Ulikuwa umependeza, nikashindwa kukuambia.

Nichukie mimi. Lakini mama amesomewa barua yako. Tangu siku hiyo anakaa barabarani, kila atokaye Nyakahura anamuuliza, "Binti yangu hajakupa neno?"

Audax wa sokoni ndiye anayeleta barua hii. Nimemwomba angoje mlangoni kwako hadi uandike jibu.

Dada yako

Ntobeye, 6 Aprili 1999

Ineza,

Audax amerudi. Anasema ulimkaribisha vizuri, ukampa chai na viazi, ukamsindikiza hadi barabarani, ukacheka naye. Mikono mitupu.

Mama amemgeuza mifuko yote.

Nimpaye