Bomba la Maji Uani kwa Corintha

Houston, 18 Oktoba 2020

Shangazi Ozelia,

Shikamoo. Naandika kwa kuwa kwenye simu hunisikii, unanijibu mambo ya juzi. Magoti yanaendeleaje? Bado unapanda ngazi za kanisa ukimfukuza kila anayetaka kukushika mkono? Mimi ni mzima. Nasafisha meno ya watu nikiwa na barakoa mbili, na mikono imekauka kama magamba.

Nimenunua bastola. Usikunje uso kwanza. Tangu niachane na Terrell nakaa peke yangu, na mwezi uliopita wanaume wa Kizungu wenye malori na bendera zao walizunguka mtaa wetu. Mmoja alipunguza mwendo akaniambia neno ambalo sitaliandika hapa.

Dukani nilidhani nitakuwa mweusi peke yangu katikati ya makofia ya wachunga ng'ombe. Wapi! Foleni ilikuwa imefika nje: wanaume wawili wameshikana mikono, Mmeksiko na mtoto kalala begani, muuguzi bado na sare zake, akina dada weusi kama mimi wasiopungua sita. Muuzaji akasema, "Mwaka huu nauza kwa watu ambao zamani hata mlango wangu hawakuutazama."

Jumamosi naenda darasa la wanawake kwenye uwanja wa shabaha. Kuna mama mmoja Mvietnamu, mfupi, barakoa hadi machoni, hasemi na mtu. Risasi zake zote zinaingia tundu moja. Nikampigia makofi, akainamisha kichwa tu.

Ni kweli Babu alilinda mtaa kwa bunduki? Baba hakupenda kuyasema hayo hadi anakufa.

Mtoto wa kaka yako,
Corintha


Tallow Creek, Louisiana, 9 Novemba 2020

Corintha mwanangu,

Marahaba, mara mia. Magoti ni yale yale, ila mdomo haujapata ugonjwa. Wanaoniuliza kama umeolewa tena nawaambia ameolewa na bastola.

Ni kweli tupu. Mwaka sitini na tano nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba na wenzake wa kiwanda cha karatasi walikaa kwenye vibaraza vyetu kwa zamu, bunduki mapajani, kwa sababu wale Wazungu wabaguzi wavaa mashuka walikuwa wanapita wakirusha moto madirishani na polisi wanageuzia macho kwingine. Watu wanadhani tulishinda haki zetu kwa kuimba tu. Tuliimba, ndiyo. Na Baba alikaa nje ili tuimbe. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka kahawa.

Na ujue ilitoka mbali. Babu yake Baba alipotoka utumwani, sheria ya hapa ilimtaka apate barua ya mzungu anayemfanyia kazi ndipo ashike bunduki. Mtu mzima anaomba ruhusa kwa yuleyule anayemwogopa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hili ni jambo la Wazungu umeliazima.

Barua yako nimeisoma kwa sauti jikoni kanisani. Akina mama walipiga meza. Dada Hattie Mae akasema damu ya mzee haijapotea. Nimetembea kifua mbele wiki nzima.

Neno langu ni moja. Mtu akiingia uani kwako bila kualikwa, usimuulize mara mbili.

Shangazi yako,
Ozelia


Houston, 27 Februari 2021

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini baridi haikufika huko kwa ukali wake. Mwili wangu ni mzima. Mengine sijui niseme nini.

Umeona kwenye habari kwamba Texas iliganda kwa barafu. Umeme ulikatika siku kadhaa. Nililala na koti na viatu. Kwenye simu majirani walikuwa wanatumiana onyo: wezi wanapita uani, fungeni milango, kaeni na silaha karibu. Sikujua hata ni majirani gani. Hapa mtu anafungua banda la gari kwa rimoti, anaingia, anafunga. Miaka miwili nimekaa hapa, na wa nyumba ya kulia nilikuwa najua gari lao na kofia moja ya majani tu.

Siku ya tatu, mchana kweupe, nikasikia chuma kinagonga chuma nyuma ya jikoni. Nikachungulia. Mwanamume kainama ukutani kwangu, kofia ya koti imefunika uso, kashika kitu kirefu cheusi. Nikachukua bastola nikafungua mlango. Sikuuliza hata mara moja, Shangazi. Nilimwelekezea kifuani nikapiga kelele alale chini.

Hakulala. Aliinua mikono, na kile kitu kikaanguka. Kilikuwa spana. Ni mzee, Shangazi. Midomo yake ilikuwa ya buluu, na suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Akasema, "Maji. Bomba lako limepasuka. Nafunga."

Nilimsikia. Nilielewa. Na mkono haukushuka.

Ndipo nikaona upande wa pili wa uzio wa kulia, ule mfupi unaofika kiunoni, mwanamke kasimama na bunduki ndefu. Imenielekea usoni. Nilimjua kwa jinsi alivyokaza mabega. Ni yule mama Mvietnamu wa darasani.

Mzee akageuka akamwambia jambo kwa lugha yao, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto ashuke mtini. Kisha akatembea, mikono bado juu, akasimama katikati yetu. Mgongo kanipa mimi. Alichagua kumtazama mke wake, na mimi akaniachia mgongo.

Mama akashusha. Kisha mimi. Mzee akarudi akainama, akaokota spana, akamaliza kufunga bomba langu. Kisha akaenda kwao. Sikusema asante. Niliingia ndani nikafunga mlango kwa ufunguo.

Usiisome hii jikoni.

Corintha


Houston, 30 Machi 2021

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita na barua yako sijaiona. Binamu Delphine ananiambia u mzima na unakwenda kanisani, kwa hiyo najua si ugonjwa.

Kama umenionea aibu, una haki. Mzee zamani alikuwa na bustani ya mboga kando ya uzio, nilikuwa naona kofia yake ya majani ikipita asubuhi. Siku hizi hatoki. Mimi pia nikiona gari lao linakuja, nasubiri garini mpaka mlango wao ufungwe.

Ninayekutegemea,
Corintha


Tallow Creek, 12 Aprili 2021

Corintha mwanangu,

Marahaba. Sikunyamaza kwa ajili yako. Aibu ni yangu, na kila nilipokaa mezani kuandika nilikuta vyombo vinahitaji kuoshwa.

Kuna nisilokuandikia. Kwenye kibaraza kile Baba hakukaa peke yake hata siku moja. Kila aliyepita alikuwa anaitwa: "Nani wewe? Wa nani?" Na mtu anajibu jina lake na la mama yake. Nusu ya kazi ya wale wanaume ilikuwa kujua nani anakaa wapi, nani anatoka zamu kiwandani, nani ana mgonjwa na nani atakwenda kumwita daktari. Bunduki ilikuwa mapajani, maneno yakatangulia. Hayo niliyaacha kwa kuwa hayapigiwi meza. Nilikuandikia bunduki na kahawa, nikajifanya jenerali, nikakwambia usiulize mara mbili. Maneno hayo Baba angeyasikia angeninyang'anya kalamu.

Jumapili Dada Hattie Mae aliniuliza, "Na yule binti yako shujaa?" Nikasema anaendelea vizuri. Nikameza chai nikaungua ulimi.

Nenda kwao. Mchana, mlango wa mbele, mikono ionekane. Oka pai ya viazi vitamu kama una nguvu, kama huna nenda mikono mitupu. Usieleze jinsi ulivyoogopa. Nao waliogopa. Omba radhi, kisha nyamaza, hata wakikufungia mlango.

Shangazi yako asiye na la kujitetea,
Ozelia


Houston, 8 Juni 2021

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Usioshe vyombo tena kwa sababu yangu.

Nilikwenda. Pai iliungua upande mmoja, nikaenda nayo hivyo hivyo. Mzee alifungua. Anaitwa Bwana Khuong, alikuwa fundi wa meli. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi. Ulikuwa unanisaidia, nikakuelekezea silaha." Akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Wakati ule corona inaanza, mtu alinitemea mate dukani, akasema sisi ndio tulioileta. Mke wangu akanunua bunduki. Alisema hatatemewa tena." Halafu akaniuliza mimi niliambiwa neno gani. Sijui alijuaje kwamba kulikuwa na neno. Nikamwambia.

Mkewe alitokea nyuma yake. Bila barakoa uso wake ni mdogo kuliko nilivyodhani. Akasema, "Mimi kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta. Nataka ujue." Kisha akaingia ndani. Pai aliichukua.

Nilirudi nikijiambia yamekwisha. Hayakwisha. Wiki iliyofuata Bwana Khuong alikuja kwangu, mlango wa mbele, kofia mkononi, akaniomba idhini ya kuinua uzio. Futi nane. "Mke wangu halali," akasema. "Akiona mlango wako wa jikoni, halali. Samahani sana." Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba samahani, Shangazi. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Jana mafundi wamemaliza. Kuna desturi hapa kuhusu uzio wa mbao: upande mmoja una mihimili na misumari, upande wa pili ni laini, umepakwa rangi. Mwenye kulipa anaweza kujiwekea ule mzuri. Leo asubuhi nimetoka uani nikauona. Mihimili yote iko kwao. Bwana Khuong ndiye aliyelipa, na upande laini kauelekeza kwangu.

Nimesimama hapo mpaka nikachelewa kazini.

Mtoto wa kaka yako,
Corintha