Nani Aliisoma Sura ya Tisa?

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo wewe, hawajambo shemeji na watoto, na ule mgongo wako wa cherehani umepungua kuuma? Sisi huku wazima, ila mdogo wako nina jambo la kukueleza, na simu yako wiki ya tatu sasa inaita mpaka inakatika. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu na karatasi.

Unajua kwamba nimetoa kitabu. Huwezi kusema hujui, maana nilikutumia kiungo mara nne na mara ya tano nikakutumia kitabu chenyewe bure. Chote nimekifanya mwenyewe, kwa simu na ile kompyuta kuukuu ya baba watoto, kwa programu za mtandaoni za bei ya chee: moja ya kuandikia, moja ya kusahihisha tahajia, moja ya kuwatumia matangazo wapenzi wa hadithi. Jalada alinitengenezea binti mmoja tuliyekutana hukohuko mtandaoni, uso wake sijawahi kuuona. Sasa unanijua mimi. Miaka kumi na saba masjala, kazi yangu ni kuhakikisha hakuna faili linalotoka bila mtu kutia sahihi. Kitu rahisi hivyo, kinachokufanyia kila kitu halafu kinakuambia karibu tena, mimi nakitazama kwa jicho la pembeni. Tangu siku ya kwanza nilijiuliza, hawa watu wanakula wapi?

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wasomaji waliacha nyota nne, wengine tano, na mwenzangu wa ofisini aliandika kwamba alilia, ingawa najua hajavuka sura ya pili. Halafu asubuhi moja nikakuta nyota moja. Mtu hana jina wala picha, kaandika mistari miwili tu: kwamba sura ya tisa ni uongo, mama hakusema, aliyesema alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni. Weee! Nilikaa juu ya boksi la mafaili mpaka bosi akaniuliza kama nimefiwa.

Kama ulikuwa hujaifungua, sura ya tisa ni ile ya barua ya chuo. Majina nimebadilisha, lakini ni sisi haswa: dada mkubwa kaitwa chuo cha uuguzi, baba hataki hata kusikia, dada kaificha barua ndani ya mto na anangoja siku ya kutoroka. Kitabuni, mama ndiye anayemwambia baba, na baba anaichana barua mbele ya watu wote. Ndivyo ukoo mzima unavyosimulia mpaka leo. Kiatu hakimo. Hicho kiatu nilikiandika kwenye rasimu ya kwanza kabisa, nikakitoa. Kwa hiyo nikajiambia, kuna mtu ameichungulia rasimu yangu.

Nikafungua daftari kama la kazini: nani ameshika andiko langu, lini, kwa sababu gani. Wa kwanza kuingia ni ile programu ya kusahihisha, maana hakuna sentensi yangu ambayo haikupita machoni pake. Nikawaandikia wenyewe kwa ukali. Jibu likaja papo hapo, lenye adabu kupita kiasi, wakinishukuru kwa kuwasiliana nao na kuniuliza kama nimeridhika na huduma. Nani anajibu haraka hivyo kama hana la kuficha? Nikabadilisha maneno ya siri yote, mengine nimeshayasahau. Baba watoto naye nikampekua kwenye kompyuta alichokuwa anatafuta. Nikakuta mpira, mpira, mpira, na namna ya kumwomba mke apunguze maneno. Kuhusu hilo tumeongea.

La aibu zaidi ni yule binti wa majalada. Nilimwandikia kwamba ameiuza rasimu yangu. Maskini, alinirudishia ujumbe wa sauti, akasema mimi nilimpa muhtasari wa ukurasa mmoja tu, na kama jalada sikulipenda ningemwambia. Nilimwomba radhi. Yeye, kwa wema wake, akanieleza kwamba ile programu ya kuandikia hutunza kila toleo, hata lile ulilolifuta, nibonyeze tu pale penye alama ya saa nijionee.

Nikabonyeza. Mapumziko yote ya mchana nilikuwa narudi nyuma, toleo hadi toleo, mpaka siku niliyoichapa sura ya tisa kwa mara ya kwanza. Kiatu hakikuwahi kuingia humo. Nilikiandika kwa mkono tu, kwenye daftari la shule, na daftari hilo liko kwenye kabati la masjala ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni. Nikalifungua. Zile kurasa mbili za kiatu, nilizozibandika kwa gundi zisisomeke, zilikuwa zimeshikana vilevile. Basi, hakuna aliyeniibia.

Nilifuta majina yote kwenye orodha yangu ya washukiwa, nikabaki naitazama karatasi. Ndipo nikalikumbuka lile pazia la stoo nyumbani kwa baba, pale karibu na mlango wa mbele, lilivyokuwa fupi, halifiki chini. Siku ile barua ilipochanwa ulitokea na kamba ya kufungia begi mkononi, na miaka yote mimi nilijua umetokea uani. Lakini kamba zetu zilikuwa zinakaa stoo. Ulikuwa nyuma ya pazia, dada. Uliisikia sauti, na miguu uliiona. Ile nyota ni yako.

Mimi ndiye niliyemwambia baba. Nilikuwa na miaka tisa, hakuna aliyeniuliza wala kunitisha. Nilikuwa navaa viatu, nikaliona begi chini ya kitanda, nikakiacha kiatu cha pili nikamkimbilia mlangoni nikamwambia unaondoka, na barua imo kwenye mto. Sikutaka uniache. Mama hata nyumbani hakuwepo. Aliporudi, shangazi akamnyooshea kidole kwamba ndiye aliyesema, mama akanitazama mimi, akanyamaza. Akanyamaza mpaka tukamzika. Na mimi nikaenda kumwandika kitabu kizima kwamba ni yeye, kwa sababu nilijua hawezi tena kunijibu. Naona haya. Na wewe ulijua, ukanisuka nywele, ukanishonea sare, hukusema.

Kitabu nimekitoa mtandaoni jana. Sura ya tisa nimeiandika upya, kiatu na yote, nimeiambatanisha hapa. Ukisema kirudi, kitarudi hivyo. Ukisema kisirudi, hakirudi. Lakini nakuomba upokee simu, hata kama ni ya kunitukana.

Nisalimie shemeji sana, na wanao nawabusu mmoja mmoja. Wangu wanakusalimu. Leo wakati wa chai niliwakalisha nikawaambia kwamba bibi yao hakusema neno, aliyesema ni mimi. Yule mkubwa aliweka kikombe chini, akaniuliza kama bibi alikuwa akingoja niseme. Nikainuka, nikachukua kalamu nikuandikie wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mziwanda